Ukocha si stori: namna ya kuongea na mtu mpaka apate jibu lake mwenyewe

Mwalimu kijana anaingia ofisi ya taaluma mchana, vumbi la chaki bado mikononi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwalimu, karibu. Za darasani?"

"Nzuri, ila madaftari ya Darasa la Tano yamenishinda."

"Pole! Hata mimi mwaka ule nilipopewa darasa lile nilikoma. Wewe chukua machache machache, kumi asubuhi, kumi jioni, utaona."

"Sawa madam, nitajitahidi. Asante."

Hakuna aliyekosea hapo. Hayo ni mazungumzo mazuri ya kila siku: pole imetolewa, mkubwa ameonyesha kuwa naye alipita njia hiyo, mdogo ameshukuru, na dakika moja haijaisha. Ila tazama nani amefanya kazi ya kufikiri. Madam ndiye aliyelitambua tatizo bila kuuliza ni lipi hasa, akatafuta dawa, akapanga na dozi. Kijana ameondoka na jibu la mtu mwingine. Baada ya wiki mbili atarudi na sentensi ileile.

Mazungumzo ya ukocha yanaugeuza mgawo huo wa kazi. Anayesaidia anashika mwendo wa mazungumzo. Anayesaidiwa anashika mada, majibu na uamuzi. Maelezo haya ni kwa yeyote anayesimamia wengine, awe mwalimu wa taaluma, muuguzi kiongozi, meneja wa tawi au fundi mkuu wa gereji. Tutabaki na madaftari ya Darasa la Tano kama mfano, maana hesabu yake inaonekana kwa macho.

Neno lenyewe kwanza. Kocha tumelipata uwanjani (lisichanganywe na kochi, ambalo ni la kukalia), na waandishi wa michezo wana kitenzi kizuri kuliko hilo: kocha fulani "anakinoa kikosi". Tumia picha hiyohiyo kazini. Kinoo chenyewe hakikati nyama. Ukocha wa kazini nao ulichomoza kwa kiasi kikubwa michezoni: Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, alianza kuandika miaka ya 1970 kwamba mchezaji hujifunza haraka zaidi akiongozwa kutazama mpira kuliko akimiminiwa maelekezo ya mkono na goti. Wenye maofisi wakalichukua wazo hilo.

Stori zina sheria zake

Mazungumzo ya kawaida yana sheria ambazo hakuna anayezitaja. Ya kwanza ni kasi. Watafiti waliopima maswali na majibu katika lugha 10 za mabara mbalimbali, na kuchapisha matokeo mwaka 2009, walikuta kwamba kati ya swali na jibu hupita wastani wa sehemu mbili tu za kumi za sekunde. Kwa maneno mengine, msikilizaji huwa ameshaanza kupika jibu kabla msemaji hajamaliza. Ndiyo maana ukichelewa kidogo tu kujibu, mwenzako anauliza: "Vipi, umenuna?"

Ya pili, stori hulipwa kwa stori. Ukisema umeumwa mgongo, nami natoa mgongo wangu. Ya tatu, mada huhama: tulianza na madaftari, tukapita kwenye mishahara, sasa tuko kwenye mechi ya jana. Ya nne, kwetu ushauri ni upendo. Kumsikiliza mtu mwenye shida ukamwacha aondoke bila ushauri ni kama kumnyima mgeni maji.

Ukocha unayaweka kando yote manne kwa makusudi. Mada ni moja na ni ya mtu mmoja. Stori zako zinabaki mfukoni. Kimya kinaruhusiwa. Ushauri unafungiwa kabatini, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu ukitoka mapema mwenzako anaacha kutafuta. Na mwisho lazima kuwe na jambo litakalofanywa siku inayojulikana. Ukipima kwa saa, katika dakika 40 wewe usizidi 10 za kusema.

Je, jambo hili ni la ukocha?

Swali hili liulize kabla ya kuvuta kiti, kwa sababu ukocha ukiwekwa mahali pasipo pake huudhi. Unafaa pale mtu ana maarifa ya kutosha ila amekwama, au ana njia mbili na hajaamua. Mwalimu mpya asiyejua kujaza andalio la somo, ukimwuliza "unadhani andalio zuri lina nini?", unamtesa bure. Mwonyeshe. Fundi anayesogeza mkono kwenye waya wenye umeme haulizwi swali. Anapigiwa kelele atoe mkono. Pesa zilizopungua kwenye droo, malalamiko ya mzazi kuhusu adhabu, hayo yana taratibu zake. Na mtu aliyefiwa, au ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, anahitaji mnasihi au daktari.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko hayo yote ni la msimamizi aliyekwisha kuamua. Kama umeshakata shauri kwamba madaftari yatasahihishwa kila siku, liseme kama agizo, litekelezwe. Kumzungusha mtu kwa maswali mpaka atamke ulichokwisha kukiandika kichwani ni ulaghai, na watu hawachelewi kuutambua. Siku utakapokuja na swali la kweli hawatakuamini.

Kuna pia suala la kofia mbili. Mwalimu wa taaluma ndiye anayekagua madaftari, na papo hapo ndiye anayetaka kumnoa kijana. Kofia hizo haziwezi kuvaliwa kwa pamoja. Itaje unayoivaa: "Leo sikagui. Ukaguzi ni Ijumaa kama kawaida, na tutakayosema hapa sitayatumia huko." Kama huwezi kuitimiza ahadi hiyo, usiitoe, tafuta mwalimu mwingine amnoe.

Kiti, saa na karatasi

Tenga dakika 40. Chini ya 20 mtu hajafika kwenye jambo lenyewe. Zaidi ya saa moja mnaanza kurudia. Chagua mahali ambapo hapiti mtu wa tatu. Ofisi ya walimu haifai hata ikiwa tupu, kwa kuwa kila anayeingia atasalimia na salamu zitaanza upya. Darasa lisilo na kipindi linafaa, chini ya mwembe panafaa.

Usikae nyuma ya meza yako. Meza inamwambia ameitwa. Vuta viti viwili vikae kwa pembe, si ana kwa ana, ili mtu aweze kutazama pembeni anapofikiri. Simu zote mbili zizimwe mlio na zifunikwe. Karatasi na kalamu ziwe upande wake; ukiandika wewe, ataanza kusema yale ambayo hajali yakiandikwa. Kikombe cha chai hakina ubaya.

Salamu, kisha mlango

Usizikate salamu. Msimamizi aliyesoma kwamba ukocha ni "kwenda moja kwa moja kwenye mada" akaruka za nyumbani, za watoto na za mgonjwa, atakuwa ameuharibu mkutano kabla haujaanza. Zipe dakika zake mbili tatu. Ila salamu hazina ukuta. Zisipowekewa mlango zinaingia kwenye stori bila mtu kuona. Mlango ni sentensi moja inayosemwa kwa sauti tofauti kidogo:

"Haya, mwalimu. Tuna mpaka saa nane na dakika arobaini. Muda huu ni wako. Mimi nitauliza zaidi kuliko kusema, na uamuzi utabaki kwako. Nikikaa kimya sijakasirika, nakupa nafasi ufikiri. Ni sawa kwako twende hivyo?"

Sehemu ya kimya usiisahau kama wewe ni mkubwa kwake kwa umri au cheo. Kimya cha mkubwa husomwa kuwa ghadhabu, na mdogo atakimbilia kuomba radhi kwa kosa ambalo halipo.

Halafu lengo. Jambo la kwanza kutamkwa mara nyingi ni ganda. "Madaftari yamenishinda" si lengo, ni kilio. Uliza: "Tukiinuka hapa, ungependa uwe umepata nini mkononi?" Anaweza kusema "wazazi wawanunulie watoto madaftari ya kutosha" au "idara ituletee mwalimu mwingine". Usibishane naye. Rudisha lengo mahali mkono wake unapofika: "Hilo liko kwa wazazi. Lako ni lipi hapo ndani?" Akisema "nataka nijue namna ya kumaliza kusahihisha bila kubeba nyumbani", mmepata. Liandikwe juu ya karatasi, kwa maneno yake.

Maswali kwa Kiswahili chetu

Vitabu vingi vya ukocha vimeandikwa kwa Kiingereza, na orodha zake za maswali zikitafsiriwa zinavunjika njiani. Lugha yetu ina mitego yake.

"Mbona" ni lawama, hata ukiitamka kwa tabasamu. "Mbona hujasahihisha?" haina jibu ila utetezi. "Kwa nini" ni nafuu kidogo, lakini ikitoka kinywani mwa mkubwa inasikika kama barua ya kujieleza. Badala yake uliza kitu kilichotendeka: "Nini kilitokea Jumatatu mpaka yakabaki?" au "Kipi kinakula muda zaidi?" Jibu litakuwa na vitu ndani yake, na vitu vinahesabika.

"Huoni kwamba…", "Si ungewapa wasahihishane?", "Kwani umejaribu kuwagawa?" Hizi ni shauri zilizovaa kanzu ya swali. Kipimo ni rahisi: kama unalo kichwani jibu unalotaka kulisikia, hujauliza.

"Umeelewa?" na "Sawa?" huzaa "nimeelewa" na "sawa", kila mara. Mdogo akimjibu mkubwa "ndiyo", mara nyingi hiyo ni heshima, si taarifa. Kwa hiyo maswali yanayoanza na "je" yapunguze mpaka yabaki mawili matatu: lile la kuomba ruhusa mwanzoni, na lile la kuhakikisha umesikia sawasawa. "Vipi?" ikisimama peke yake jibu lake ni "poa". "Unajisikiaje?" huleta "kawaida tu".

Yaliyo bora ni wapi, kipi, lini, nani, kiasi gani. Hasa "wapi" na "kiasi gani", kwa sababu yanamlazimu mtu kurudi kwenye tukio na kulitazama. Kijana amesema "yamenishinda". Kichukue kitenzi chake kama kilivyo: "Yanakushinda wapi?" Usimtafsirie kuwa "naona umeelemewa na majukumu", hakusema hivyo, na sasa itabidi afikirie neno lako badala ya jambo lake.

Swali liwe fupi na liwe moja. "Unatumia muda gani, na unasahihishia hapa au nyumbani, na wenzako wanafanyaje?" Hapo atajibu la mwisho, au lililo jepesi.

Kuna mfumo maarufu uitwao GROW, ulioenezwa na John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, hasa kuanzia mwaka 1992. Herufi zake nne zinasimamia lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na nia ya kutenda. Kiswahili kinakupa chombo ambacho Kiingereza hakina wepesi nacho: unaweza kujua mko hatua gani kwa kusikiliza kiambishi kilichomo kwenye kitenzi. Hali ilivyo huongelewa kwa -na- na -li-: nasahihisha, nilibeba nyumbani. Njia huongelewa kwa -nge-: ningepunguza, ningewagawa. Hatua huongelewa kwa -ta-. Mtu anayesema "-nge-" bado hajaahidi kitu, na hiyo ndiyo faida yake; anaweza kutaja wazo la ajabu bila kulilipa. Kwa hiyo unapotaka afungue mawazo, swali lako nalo liwe na -nge-: "Ungekuwa na saa moja tu kwa siku, ungeanza na nini?" Kosa ni kufunga mkutano mtu akiwa bado kwenye -nge-.

Kimya

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi darasani husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na kukaa kwao bila jibu kunapungua. Kwa watu wazima wenye jambo zito, sisi tunashauri mpaka nane. Hesabu kimoyomoyo. Sekunde ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Ulimi unawasha, na unataka kulirudia swali kwa maneno mengine. Shika kikombe. Tazama karatasi, usimkodolee macho.

Chunga pia vile viitikio vyetu, "enhe", "ehe", "mmh". Kwenye stori vinamsukuma msemaji aendelee. Kwenye ukocha vikiwa vingi vinamharakisha, na anaanza kukusimulia wewe badala ya kujisikiliza. Kimoja kwa sentensi mbili tatu kinatosha. Pole nayo toa moja, ya dhati, kisha iache.

Mfano wa karibu

Kocha: Yanakushinda wapi?

Mwalimu: Mengi tu, madam. Sijui hata nianzie wapi.

(Kimya, sekunde tano.)

Mwalimu: Nadhani… ni ya Hisabati. Ya Kiswahili hayanisumbui.

Kocha: Ya Hisabati yapo mangapi kwa siku?

Mwalimu: 72. Zoezi moja kwa siku, siku nne za wiki.

Kocha: Daftari moja ni muda gani?

Mwalimu: Dakika mbili. Kwa anayekosea sana, tatu.

Kocha: Tuchukue mbili. Siku moja inakuwa kiasi gani?

Mwalimu: (anaandika) 144… saa mbili na dakika 24. Kwa wiki, saa tisa na dakika 36. Kumbe!

(Kimya, sekunde nane.)

Mwalimu: Hata ningekuwa na mikono minne.

Kocha: Ndani ya zile dakika mbili, kipi kinamsaidia mtoto?

Mwalimu: Kusema kweli ni pale ninapoona amepotea hatua gani. Kuweka alama za vema kwenye maswali mepesi hakumsaidii yeyote, wote wanapata.

Simama hapo uangalie. Kocha hajasema lolote kuhusu namna ya kusahihisha. Ameuliza idadi mara tatu, na "kumbe" imetoka kwa mwenye madaftari. Neno hilo litege sikio. Kwa Kiswahili "kumbe" ndiyo sauti ya mtu aliyeona kitu kipya, na baada yake usiseme chochote kwa sekunde kadhaa, maana ndipo kichwa kinapofanya kazi. Mtu akiwahi kuingia hapo na "Umeona sasa!" anaunyakua ugunduzi wa mwenzake.

Kocha: Ungekuwa huru kupanga upya, ungefanya nini?

Mwalimu: Ningepunguza maswali, kumi yawe matano. Yale mepesi wangebadilishana madaftari, wasahihishane mimi nikiandika majibu ubaoni.

Kocha: Na kingine?

Mwalimu: (kimya) Ningekusanya 24 tu kwa siku. Siku ya tatu wote nimewapitia.

Kocha: 24 ni dakika ngapi?

Mwalimu: 48. Nina vipindi viwili vitupu baada ya mapumziko, dakika 80. Zinatosha, tena zinabaki.

Kocha: Nini kinaweza kulikwamisha?

Mwalimu: Mkuu. Akipita akakuta daftari halina wino mwekundu siku mbili, itakuwa kesi.

Hapa ndipo wasimamizi wema huanguka. "Usijali, mkuu niachie mimi." Ni msaada, na katika stori ungesifiwa. Ila ukiusema, mpango umehamia mabegani mwako, na ukisahau kumwona mkuu, kijana ana sababu halali ya kutofanya chochote. Kocha anauliza: "Nani anatakiwa kulijua hili kabla hujaanza?" Mwalimu atasema mwenyewe, mkuu. "Lini?" "Jumatano asubuhi, tukitoka mstarini."

"Na kingine?" ni swali dogo lenye kazi kubwa kuliko yote katika mfano huu. Wazo la kwanza la mtu mara nyingi ni lile alilokuja nalo. La pili na la tatu ndiyo huzaliwa pale kwenye kiti. Liulize mpaka mara tatu, kisha acha. Mara ya tano linakuwa mahojiano ya polisi.

Akikuuliza: "Wewe ungefanyaje?"

Ataulizia, tena mapema, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kuheshimu waliomtangulia. Baadhi ya walioenda semina wamefundishwa kulirudisha swali kila mara, "wewe unaonaje?", na mtu mzima akirudishiwa hivyo mara tatu anaona anachezewa. Mjibu hivi: "Nitakuambia. Ila naomba kwanza nisikie mawili yako." Kisha timiza ahadi. Mawili yakishatoka, na lako bado lina maana, litoe likiwa fupi, kama moja kati ya mengine: "Kuna walimu wanaoita watoto watano mezani huku wengine wakifanya zoezi. Katika haya matatu, lipi linaingia kwenye darasa lako?" Mara nyingi utakuta lako halihitajiki tena.

Kufunga

Sikiliza vitenzi. "Nitajitahidi" ni adabu. "Itabidi nifanye" inamtaja mtu mwingine anayelazimisha. "Tutaangalia" haina mwenyewe, na "itafanyika" haina hata mtu. Unachongoja ni "nita-" yenye kitendo na siku: nitamwona mkuu Jumatano, nitaanza na 24 Alhamisi. Akiongeza "inshallah" au "Mungu akipenda", pokea kwa heshima, usiifanye kuwa kisingizio, endelea tu: "Inshallah. Na siku hiyo utaanza na safu ipi?"

Kisha pima uzito. Mwombe ataje namba, 0 hadi 10, ya jinsi alivyo na uhakika kwamba atafanya. Akisema 6, wengi huuliza "kwa nini si 10?", na mtu anaorodhesha vikwazo mpaka anajikatisha tamaa mwenyewe. Uliza upande wa chini: "Nini kimekufanya usiseme 3?" Atakutajia sababu za kuweza, kwa sauti yake. Mbinu hii inatumika sana katika mahojiano ya kuhamasisha, njia ambayo William Miller aliiandikia kwa mara ya kwanza mwaka 1983 kutokana na kazi na watu wenye matatizo ya pombe, na kisha akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Ikiwa namba ni 4 au chini, mpango ni mkubwa mno. Upunguzeni: badala ya wiki nzima, Alhamisi moja.

Aandike yeye: nini, lini, nani ajue. Mistari mitatu, abaki na karatasi. Wekeni siku ya kurudi, wiki moja au mbili, si zaidi, na siku hiyo usianze na "Ulifanya?" maana hilo ni ukaguzi. Anza na "Nini kilitokea ulipojaribu?" Hata kama hakufanya, lina jibu.

Yanayoharibika, na sababu yake

Mtu anajibu kwa neno mojamoja. Mara nyingi haamini kwamba kofia ya ukaguzi imevuliwa, au kuna anayesikia. Rudi kwenye siri na mahali, usiongeze maswali.

Mazungumzo yanageuka umbea juu ya mwalimu mwingine. Yaache dakika moja, halafu: "Yeye hayupo hapa. Wewe unataka kufanya nini kuhusu hilo?"

Machozi. Acha mfumo wote. Pole, maji, kimya, kisha "tuendelee, au tuishie hapa leo?" Kama kuna jambo la nyumbani lililo zito, msaidie kumfikia anayeweza kulibeba.

Unatoka umechoka kuliko yeye. Hiyo ni dalili ya uhakika kwamba umefikiri kwa niaba yake.

Ukitaka kujipima, omba ruhusa ya mtu mmoja umrekodi kwa simu dakika 15 tu. Baadaye sikiliza peke yako ukiwa na karatasi yenye safu nne: maswali uliyouliza, mangapi yalijibika kwa ndiyo au hapana, "mbona" na "kwa nini" ngapi, na sekunde ulizosubiri kabla ya kusema tena. Usihukumu yaliyosemwa, hesabu tu. Mara ya kwanza safu ya nne itajaa moja na sufuri. Chagua safu moja ya kufanyia kazi wiki hiyo, si zote nne, na siku ya kukutana tena futa sauti hiyo mbele ya aliyekuruhusu.